Ile programu ya kusawazisha simu na kompyuta ni janga!

Wakuu, mnaijua, jina silitaji. Ile ya vimshale viwili vinavyozunguka, inayofanya simu na kompyuta ziwe na data ileile.

Simu ina majina 600, kompyuta mpya haina hata moja. Unaunganisha kwa Wi-Fi, vimshale vinazunguka, kisha simu nayo inabaki tupu! Imekuta upande mmoja hauna kitu, ikaamua huo ndio sahihi. Sifuri imeifunga 600! Mwizi wa simu ana huruma kuliko hii!

Na kile kidirisha cha onyo? "Badilisha data?" Ya wapi ifutwe, ya wapi ibaki, hakisemi, na "Ndiyo" imeshachaguliwa tayari. Gusa Enter, kwisha habari. SIFURI imeifunga 600, jamani!

Pasiwaya: Pole mkuu, ila nani anasawazisha mara ya kwanza bila nakala? Hamisha majina yote kwenye faili la .vcf (faili la kuhifadhia majina na namba za simu), liweke pembeni. Kisha anza na njia moja tu, simu kwenda kompyuta. Pande mbili baadaye.

Kibodi: Na asithubutu .csv (faili la maandishi la jedwali). Ifungue kwa Excel, uihifadhi, sifuri za mwanzo wa namba zote zimeliwa. Hilo ndilo balaa, si hilo lako.

Mwenye uzi: Nakala sawa, lakini kwa nini sifuri ishinde?!

Nyayanyaya: Nyie angalau vifaa vyenu vinaonana! Simu na kompyuta ziko Wi-Fi ileile, hazijuani. Mara ruta (kile kifaa kinachotoa Wi-Fi) imewekwa itenganishe vifaa, mara simu imeingia mtandao wa wageni, mara Windows imeuhesabu mtandao kuwa wa umma na faya-woli (ulinzi wake wa mtandao) imefunga mlango. Uweke kuwa wa binafsi. Bado ruta ibadili anwani ya IP (namba ya kuitambua kwenye mtandao) ya kompyuta, simu ibaki inabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Itengee kompyuta anwani moja kwenye ruta.

Pasiwaya: Na Android inaiua programu kimyakimya ikibana betri. Itoe kwenye orodha ya kubaniwa.

Saa6: Mnalia majina, kalenda je? Programu nyingine huhifadhi tukio la siku nzima kama saa sita usiku ya UTC (saa ya kimataifa, sawa na ya Greenwich). Aliye magharibi mwa Greenwich, tukio linaanza jana yake jioni!

Kibodi: Hata kikumbusho kinalia siku moja kabla. Hiyo nayo ifunguliwe uzi wake.