Taka za Tanga: zabuni kwa kampuni au haki kwa vikundi vya mtaa?

Mwanzisha mada: Wadau, hebu tulijadili hili. Chupa na vyuma chakavu vya mjini kwetu vinazunguka tayari: muokotaji anamuuzia mwenye mizani, mwenye mizani anapakia lori la Dar. Mpango huo wameuunda wananchi wenyewe. Wasichokuwa nacho ni haki juu ya taka zenyewe. Akija mzabuni na mkataba wake, muokotaji anageuka mwizi. Brazil, sheria ya 2007 iliruhusu vyama vya waokotaji kupewa kazi ya kukusanya taka bila kushindanishwa kwenye zabuni. Sisi tunangoja nini?

Mkazi wa Chumbageni: Napinga. Kikundi kitabeba chupa. Nepi na matumbo ya samaki atabeba nani? Kampuni ikizembea unavunja mkataba. Kikundi utakibana wapi? Na vikundi vyetu mnavijua: waja leo waondoka leo. Vingi huzaliwa zikisikika habari za mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Hela ikitoka, mwenyekiti hapokei simu.

Mwenye mizani, Mabawa: La mikopo sibishi. Lakini hela bila eneo inasaidia nini? Nipe banda lenye paa na pa kuchambulia. Karatasi ikinyeshewa haina bei. (Bei ya chuma anaipanga mwenye kiwanda, hiyo tuiache leo, nitapandwa na presha.)

Mwanzisha mada: Ndugu wa Chumbageni, Pune kule India ushirika wa waokotaji, SWaCH, uliingia mkataba na manispaa 2008. Wanapita mlango kwa mlango, wanachukua kavu na zinazooza, kaya zinawalipa ada. Tena tusiende mbali. Wafugaji wadogo wa hapa Tanga waliungana kwenye TDCU, chama chao kikuu cha ushirika wa maziwa, miaka ya 1990, wakawa na hisa kwenye kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh. Hawakuachwa peke yao: nyuma yao kulikuwa na mradi wa serikali na Waholanzi, wa miaka mingi. Semina ya siku mbili na posho isingewafikisha pale.

Mkazi wa Chumbageni: Maziwa kila mtu anayataka, bwana. Uozo hauna mnunuzi.

Muuza mboga, Mgandini: Hauna mnunuzi kwa kuwa umechanganywa na plastiki. Majani ya kabichi yakiwa peke yake wenye mbuzi wanayafuata hapa hapa mezani. Swali langu ni moja: nikitenganisha, ada yangu ya taka inapungua? Maana kuchambua ni kazi, na sasa hivi anayechambua na asiyechambua tunalipa sawa.