Viungo sita uwanjani, mpira tunao sisi ila goli hakuna. Nakosea wapi?

kocha_wa_jioni
Wakuu habari zenu. Nafundisha timu ya vijana, straika wangu wa pekee kaumia goti na hatarudi leo wala kesho, na wachezaji wazuri waliobaki karibu wote ni viungo. Nikaona basi niwajaze wote katikati, mabeki wanne, mkabaji mmoja, watano mbele yake, namba tisa (straika) hakuna. Mechi tatu sasa. Mpira tunakuwa nao sisi, pasi zinatembea mpaka raha, lakini tukikaribia 18 yao, lile boksi la mbele ya goli, kila kitu kinakufa, mpira unaenda pembeni, unarudi nyuma, unaenda tena pembeni. Mechi ya juzi niliwaangalia masentahafu wao, wamesimama mikono kiunoni wanatutazama tunavyopasiana, hata jasho hawana. Halafu mwishoni wakapiga mpira mmoja mrefu, winga wao akakimbia peke yake, tukafungwa. Je mfumo wenyewe ndo haufai, nirudi tu 4-4-2, mabeki wanne, viungo wanne, mastraika wawili?

tisa_halisi
Rudi 4-4-2 kaka, hata ukimweka beki mrefu pale mbele ni afadhali. Scotland walienda Prague Oktoba 2010 kucheza na Czech bila straika hata mmoja, 4-6-0 kabisa, wakapigwa 1-0 na kocha wao Craig Levein alisemwa sana kwa hilo. Sentahafu asipokuwa na mtu wa kumsumbua anacheza mpira kwa starehe.

mkata_umeme
@tisa_halisi hapo kwenye sentahafu kustarehe nakuunga mkono, ila mfumo usiulaumu. Hispania fainali ya Euro 2012 walianza na Busquets, Xabi Alonso, Xavi, Iniesta, Silva na Fabregas, viungo watupu, wakampiga Italia 4-0. Kwenye karatasi ni 4-6-0 ile ile ya Scotland, ila Scotland waliingia kuzuia.

Kocha kaangalie tena magoli mawili ya kwanza ya ile fainali, jibu lako liko pale. La kwanza Iniesta anapenyeza, Fabregas kashaingia mgongoni kwa beki mpaka karibu na mstari wa goli, anarudisha, Silva anapiga kichwa. La pili Jordi Alba, beki wa kushoto huyo, anampa Xavi mpira halafu hasimami, anakimbia moja kwa moja kuwapita watu, Xavi anasubiri sekunde moja tu anamrudishia akiwa kashatoka mbele. Sasa jiulize, kwenye timu yako nani anakimbia hivyo? Naona vijana wako wote wanaufuata mpira mguuni, kila mtu anataka kugeuka na kupiga pasi, na ukishakuwa na watu sita wa hivyo ndo masentahafu wanashika viuno. Namba tisa wa uongo, yaani kiungo anayesimama nafasi ya straika, akishuka kuchukua mpira, lazima muda huo huo mwingine apande kwenye nafasi aliyoiacha, akichelewa beki kashajipanga.

Na si lazima awe winga. Man City 2020/21 walibeba ligi Uingereza, mechi nyingi hawana straika wa kueleweka, na aliyewaongoza kwa magoli ya ligi ni Gundogan, kiungo, magoli 13, mengi alikuwa anaingia boksi kwa kuchelewa wakati mabeki wanaangalia mpira.

kocha_wa_jioni
Dah mkuu, umenielezea timu yangu kama ulikuwepo uwanjani. Kweli hakuna anayekimbia. Mmoja tu, namba nane wangu, ana mapafu ya ajabu, na mimi ndo nimekuwa nikimfokea abaki katikati.

mkata_umeme
Mwachie huyo aende! Mazoezini chora mstari nje kidogo ya 18, goli lihesabiwe tu kama mfungaji ameanza kukimbia akiwa nyuma ya mstari kabla pasi haijapigwa. Siku ya kwanza watalalamika sana na kuotea kutakuwa kwingi, wape wiki mbili.

beki_tatu
Naongezea upande wetu mabeki maana tunasahaulika. Viungo wote wakibanana katikati, upana lazima utoke kwa mabeki wa pembeni, wakae hadi kwenye chaki, la sivyo wapinzani wanajikusanya kati na hampiti. Lakini wakipanda wote wawili kwa pamoja, ile kaunta iliyokuua itakuua tena. Mmoja akipanda mwingine abaki na masentahafu, na mkabaji asivuke mpira hata siku moja. Mkipoteza mpira, wale watano walioko karibu waurukie palepale, hiyo ndo faida ya kuwa na viungo wengi na nahisi hamuitumii.

kocha_wa_jioni
Goli la juzi mabeki wangu wa pembeni walikuwa juu wote wawili, nimekumbuka sasa hivi. Kesho naanza na ule mstari, na kulia nambakiza nyuma kwanza. Ila mkabaji wangu anapenda sana kupiga mashuti ya mbali, huyo mnamzuiaje?

beki_tatu
Mpe kazi ya kumkaba yule winga aliyewafunga, mechi nzima. Hatakuwa na muda wa mashuti.