Tupeane uzoefu: ratiba ya JSS huku Lamu, nyinyi mlipangaje?

Mwenye Ratiba

Assalaam alaikum wanajamvi, na salamu kwa walioko Mpeketoni na Hindi pia.

Mwalimu mkuu wetu amenikabidhi ratiba ya mwaka ujao ya JSS, yaani sekondari ya chini, Gredi 7, 8 na 9. Hataki ile ya kufuta majina ya mwaka jana na kuandika mapya. Amesema ivunjwe ianze chini, maana hakuna anayeipenda: wazazi wananung'unika, walimu wanaovuka kutoka Mokowe wananung'unika, hata yule mama wa mahamri langoni alikuja ofisini kusema breki imesogezwa na mbaazi zake zinapoa.

Kwa wasio walimu, hesabu ni hii. Vipindi ni 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi, na Sanaa na Michezo vinachukua 5 kila somo. Kiswahili, Dini, Maarifa ya Jamii, Kilimo na somo la ufundi vinachukua 4. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinataka masomo yawe kuanzia saa 2:00 asubuhi mpaka saa 9:30, halafu michezo na vyama mpaka saa 10:45, na mtoto asilazimishwe kufika kabla ya saa 1:15. Vipindi 8 kwa siku ni dakika 320. Saa 2:00 hadi 9:30 ni dakika 450. Nimebakiwa na dakika 130 za gwaride, breki, chakula na sala. Kwenye karatasi zinatosha kabisa. Kwenye karatasi hakuna bahari wala Ijumaa.

Sitaki nasaha, nataka visa. Shule yako ilibadilisha nini, na ikawaje? Majina ya shule tuyaache.

Hisabati na Sayansi, Pate

Alaikum salaam. Kabla hujafika baharini, hesabu walimu wako.

Sisi tuna mkondo mmoja, yaani darasa moja, kila gredi. Mimi nashika Hisabati na Sayansi Jumuishi kwa gredi zote tatu. Hiyo ni 15 na 15, vipindi 30 kati ya 40. Muhula mmoja mwenzangu wa Kilimo akahamishwa, na naibu akaniambia nimshikie nafasi "kwa muda". Kilimo ni vipindi 12. 30 na 12 ni 42. Wiki nzima ina 40! Nilimwandikia ubaoni, akatazama, akasema tutaona. Tuliyoyaona ni kwamba Gredi 7 walikaa bila mwalimu kila nilipokuwa Gredi 9, na kwenye ratiba pale ukutani jina langu liko vyumba viwili kwa wakati mmoja, kama walii.

Kilichosaidia ni kupanga kwa mtu badala ya kupanga kwa somo. Mwenye vipindi vingi zaidi anaingizwa kwanza, ratiba ikiwa bado tupu. Kisha anayefuata. Mwenye vipindi vichache huingia popote palipobaki. Ukianza na Kiingereza kwa sababu kiko juu ya orodha, utakwama Alhamisi usiku na kufuta yote.

Na wale wanaosema "Hisabati zote kabla ya breki, akili ikiwa mbichi", wakuletee mwalimu wa pili. Kabla ya breki kuna vipindi viwili kwa siku, yaani 10 kwa wiki. Mimi nina 15 za Hisabati peke yake. Lazima 5 ziangukie kwingine. Tumekubaliana kila gredi ibebe moja au mbili za baada ya breki, na hakuna gredi inayopata Hisabati ya mwisho wa siku. Si haki kamili lakini hakuna anayelia.

Mama wa Shela

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Sisi twakaa Shela na wanangu wasoma Lamu. Ndia yetu ni ya pwani. Mai yakipwa watembea, mai yakijaa ndia yamezwa na lazima wapande mashua, na mashua ni pesa.

Kila mtu wa huku ajua: mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bamvua hiyo, mai makubwa, na hujaa alasiri, saa kumi saa kumi na moya. Ndiyo saa skuli yawafungulia! Siku za mai mafu, yale madogo, hatuna tabu, hujaa asubuhi saa nne hivi wana wakiwa darasani. Lakini bamvua na michezo mpaka saa 10:45, mwanangu arudi viatu mkononi, sare imelowa hadi kiunoni, na kesho ndiyo sare ile ile.

Tulikwenda wazazi kadhaa. Hatukugomba. Tulimwonyesha mwalimu mkuu kalenda ya mwezi, tukamwambia siku hizi na siku hizi. Alisikia. Siku za bamvua wakakata mapumziko ya chakula, wana wakabeba chakula chao, na skuli ikafungua saa 8:40. Mai bado hayajafika ukutani, wapita kwa miguu.

Mwenye Ratiba

Mama, hii ndiyo niliyoitaka. Swali: siku hizo ile michezo mliipeleka wapi? Na walimu walijuaje leo ni ratiba ipi?

Ratiba Mbili

Nijibu mimi, maana tulifanya jambo hilo hilo kwetu.

Bamvua ikijaa saa kumi alasiri, basi saa nne asubuhi maji yamekupwa sana na ufuo umekuwa kiwanja. Kwa hiyo vile vipindi vya Sanaa na Michezo tulivileta katikati ya asubuhi wiki ya bamvua. Watoto wanacheza mpira mchangani, wanarudi, wanaosha miguu, Kiswahili. Nikiri walimu wa Kiswahili hawakufurahia kupokea darasa lenye mchanga.

Tulikuwa na karatasi mbili ukutani, moja ya bamvua na moja ya maji mafu, tukidhani zitapishana wiki kwa wiki. Hazipishani hivyo. Bamvua hairudi baada ya siku 14 kamili, ni 14 na robo tatu hivi. Kila inaporudi imechelewa karibu siku nzima. Ukianza muhula bamvua iko Jumatatu, mwishoni mwa muhula iko Jumamosi na ratiba yako inafuata bahari ambayo haipo. Ilibidi mtu mmoja akae na kalenda ya mwezi mwanzoni mwa muhula, aandike tarehe zote, zibandikwe ofisini na kila darasani. Aliyefaa zaidi kazi hiyo hakuwa mwalimu, alikuwa bawabu wetu, mvuvi wa zamani. Alisahihisha tarehe zetu kwa kalamu nyekundu.

Tahadhari moja. Ofisi ya elimu ilikuwa na nakala ya ratiba moja tu. Afisa akaja kukagua Sayansi akatukuta ufuoni na mpira. Peleka zote mbili, zipigwe mihuri zote mbili.

Naibu, Kengele Mbili

Wengi hapa hawajataja kitu kinachotuumiza kichwa kuliko bahari: JSS imekaa ndani ya shule ya msingi. Gredi 4 mpaka 6 kipindi chao ni dakika 35. JSS ni 40. Wadogo wa Gredi 1 mpaka 3 ni 30. Uwanja mmoja, kengele moja ya chuma cha rimu.

Mwaka wa kwanza ilikuwa vurugu. Kengele ikilia, nusu ya shule inatoka na nusu inatakiwa kubaki, na mtoto wa Gredi 7 ambaye juzi alikuwa Gredi 6 anatoka tu kwa mazoea. Tulinunua filimbi kwa ajili ya JSS. Sasa watoto wa msingi nao wakawa wanatoka kwa filimbi.

Tulitengeneza hivi: vipindi viwili vya JSS ni dakika 80, viwili vya Gredi 4 hadi 6 ni dakika 70. Tofauti ni 10. Basi msingi wanakaa dakika 10 zaidi asubuhi na mwalimu wa darasa, wanasoma kimya au wanakaguliwa kucha, na breki inawakuta wote pamoja. Baada ya breki tunarudia ujanja huo huo. Kengele inalia kwenye mapumziko tu. Katikati, kila mwalimu aangalie saa yake. Mama wa mahamri wa kwetu anauza shule nzima kwa mkupuo mmoja na hana malalamiko, kwa hiyo mwambie wako avumilie.

Ustadh wa Jioni

Nami nichangie upande wa chuo cha Qur'ani. Watoto wetu wengi baada ya alasiri wanaingia chuoni mpaka karibu na magharibi. Shule ikisema michezo ni mpaka saa 10:45 kila siku, maana yake mtoto achague. Wavulana wanachagua mpira, sitasema uongo. Wasichana wanakuja, lakini wamechoka, wanasinzia juu ya juzuu.

Mwalimu wa michezo wa shule jirani alinifuata barazani baada ya sala. Tukapatana: michezo ni siku mbili tu kwa wiki, na siku hizo mimi naanza saa 11:00 badala ya saa 10:00. Hakuna barua iliyoandikwa. Wakati wa mashindano ya shule huomba siku ya tatu, na mimi nikiwa na maandalizi ya Maulidi huomba ya kwangu. Waalimu wa shule na wa chuo wanakutana msikitini kila siku, lakini ratiba kila upande huipanga kama mwenzake hayupo.

Kundi la Kwanza

Nimemaliza Gredi 9 mwaka 2025, sisi ndio tulioanza JSS 2023 na tukafanya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi 9, ya kwanza. Tulianza na masomo 14, mwaka uliofuata yakawa 9, kwa hiyo ratiba tumeziona za kila aina. Walimu hawatuulizagi, kwa hiyo nasema hapa.

Kwanza: dabo ya Sayansi, yaani vipindi viwili mfululizo, ikikatwa na breki si dabo. Tunapanga vifaa, kengele, tunatoka, tukirudi kuna mtu amemwaga.

Pili: Kilimo saa nane mchana mwezi wa pili, kaskazi imepoa na jua liko utosini. Mwalimu alikuwa anatufundisha kumwagilia mchicha wakati yeye mwenyewe anasema mchicha haumwagiliwi jua kali. Kila mtu anataka Hisabati asubuhi, sawa, lakini Kilimo nacho ni cha asubuhi.

Tatu: mapumziko marefu ya chakula ni mazuri kwa anayekaa karibu. Sisi wa mbali tulikuwa tunakaa tu ukumbini na njaa.

Hisabati na Sayansi, Pate

Umenena, mwanangu. Hiyo ya Kilimo naichukua.

Mwalimu wa Mpeketoni

Huku hatuna bamvua, tuna umbali na matope wakati wa mvua. Kisa changu ni kifupi. Tulikuwa na saa nzima na nusu ya chakula, watoto wakaenda nyumbani, na theluthi hawarudi, hasa msimu wa mavuno. Tukaifanya dakika 45, mzazi anayeweza amfungie mtoto chakula, anayeweza alete mahindi na maharagwe jikoni. Mahudhurio ya mchana yakasimama vizuri.

Ila Ramadhani mtukumbuke. Juzi hizi imeangukia muhula wa kwanza, na shule moja ya kisiwani niliyokuwa nikifundisha iliondoa chakula kabisa. Dakika 320 na breki ya dakika 30, mnamaliza saa 8 kasoro dakika 10. Safi kwa wanaofunga. Mimi na watoto wachache wasiofunga tulipewa chumba kimoja nyuma ya stoo na dakika 20 za kula. Haikuwa shida, tuliheshimiana. Lakini iandikwe kwenye ratiba, isiachwe tuombe kila siku.

Naibu wa Mjini

Mwenye Ratiba, kuhusu Ijumaa. Sisi tuliacha kupigana nayo. Hapo awali tulikuwa tunawatoa saa sita, wakasali, warudi saa nane kwa vipindi viwili. Waliorudi walikuwa wale wanaoogopa baba zao.

Sasa Ijumaa ina vipindi 6 tu. Kuanzia saa 2:00, dakika 240 za masomo na breki ya 20, tunafunga saa 6:20, mtoto ana muda wa kwenda kuoga na kuwahi Jumaa. Vinabaki 34 kwa siku nne. Siku mbili zina 8, siku mbili zina 9. Siku ya vipindi 9 ni dakika 360, kwa hiyo unabaki na 90 za kila kitu: breki 20, breki ndogo 10, chakula na adhuhuri 60. Inabana, lakini inaingia, na saa 9:30 wameshatoka kuwahi alasiri.

Ofisi walihoji. Tukawaonyesha jumla ni 40, saa ni zile zile za kanuni. Wakatia muhuri.

Mwenye Ratiba

Jazakumullahu kheir, nimepata zaidi ya nilivyotarajia. Leo usiku naanza na mwalimu wetu wa Sayansi, yeye pekee, karatasi tupu. Kilimo asubuhi. Dabo isivuke breki. Ya bamvua nitaijaribu muhula mmoja, na nitamtafuta mzee wa kuniangalizia tarehe.

Naibu wa Mjini, swali la mwisho: zile siku mbili za vipindi 9 mlizichagua vipi? Mimi nilitaka Jumatatu na Alhamisi ili zisifuatane.

Naibu wa Mjini

Usithubutu. Jumatatu gwaride linakula robo saa kabla hujaanza, na Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za funga ya sunna, utakuta nusu ya Gredi 9 na walimu watatu wamefunga. Weka Jumanne na Jumatano, zifuatane tu, Alhamisi watapumua.