Waliofika visiwa vya Komoro, Ngazija, Nzwani na Mwali: tupeane uzoefu

KijanaRaskazone
Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye kwa mama ni Mngazija, anafanya ile harusi yao kubwa huko Moroni kusi ikishaingia, na mimi nimo kwenye msafara wa kutoka Tanga. Wazee wa barazani hapa Ngamiani wanasema kwenda Komoro ni kama kwenda Pemba, tofauti ni nauli tu. Waliofika watuambie ukweli. Ndege au meli? Tubebe pesa gani? Na ule mlima Karthala unapandika au ni wa wazungu?

DagaaMchele
Kama Pemba?? Pemba ipi yenye mlima wa mita 2,361 unaotema moto? Hao wazee waulizeni kama wamewahi kuvuka Tongoni.

MlaUbwabwa
Nimekaa pale, nasoma.

UmmuNasri
Mwanangu, umenitonesha. Mwaka 2005 nilikuwa Moroni kwa mdogo wangu, kajifungua, nimekwenda kumlea arubaini yake. Mwezi wa nne mlima ulikuwa umeshatema mara moja, watu wakasema basi, umepumua. Novemba, usiku, nikasikia ngurumo, nikajua ni mvua, nikatoka kuanua nepi. Kilichokuwa kinadondoka si maji. Ni unga wa kijivu, mkavu, unanuka kiberiti, ukiusaga vidoleni unakwaruza kama mchanga wa kusugulia sufuria. Kulipokucha kila kitu rangi moja: migomba, magari, mbuzi, nepi zangu.

Sasa ninyi mnaosema kama Pemba, sikilizeni. Ngazija nzima haina mto. Ardhi yake ni mawe ya lava yenye matundu, mvua ikinyesha inazama yote chini. Ndiyo maana watu wamejenga mabirika ya saruji, bati linakinga, mfereji unapeleka birikani, na hayo ndiyo maji yao ya mwaka. Haya, majivu yaliyoanguka juu ya bati yalikwenda wapi? Tulifunua birika la mdogo wangu tukakuta utando juu na matope chini. Mzazi ndani, mtoto mchanga, maji ya kunywa hakuna. Tulipanga foleni na madumu, nikaosha nepi kwa maji ya kikombe, na kikombe chenyewe kinagombewa. Mimi nimekulia Tanga, maji yanatoka Mabayani, nafungua bomba huku napiga soga. Kijana, ukifika kwa watu usioge kama uko kwenu. Uliza kwanza birika limejaa?

DagaaMchele
Shikamoo mama. Hili la mito sikulijua kabisa.

UmmuNasri
Marahaba baba. Nzwani mito ipo. Ngazija ndiyo kavu, maana ndiyo kisiwa kichanga, mlima wake bado uko hai.

MngazijaWaChumbageni
Mama kasema kweli tupu. Mimi nimezaliwa hapahapa Tanga lakini babu ni wa Itsandra. Niongeze la harusi, kwa sababu hapo ndipo wageni huumbuka. Harusi kubwa, wenyewe tunaiita anda, si sherehe ya siku moja. Ni madeni ya miaka. Bwana harusi analeta dhahabu, analisha mji, na mji ukishashiba ndipo anahesabiwa mtu mzima, anakaa mbele bangweni, uwanja wa mji, na akisema anasikilizwa. Ambaye hajafanya, hata awe profesa mwenye mvi, anahesabiwa kijana wa mji. Na nyumba ni ya mwanamke. Baba anamjengea binti yake, mume anaingia na begi. Kwa hiyo ninyi wa msafara, mkifika msikimbilie viti vya mbele. Ngojeni mpangwe.

MlaUbwabwa
Mume anaingia na begi 😂 Ngazija naoa kesho.

MngazijaWaChumbageni
Begi lenyewe liwe na dhahabu, mkuu.

MpandaMilima_Lushoto
Kuhusu Karthala: unapandika. Mimi nilianzia Mvouni, juu kidogo ya Moroni, na kijana wa kijiji anayejua njia. Chini unapita migomba na miembe, juu msitu wenye ukungu, halafu miti inakwisha unabaki na mawe meusi yanayotafuna viatu. Tulilala huko juu. Mimi wa Lushoto baridi naijua, lakini ile iliniamsha. Alfajiri ukungu ukafunguka nikaona shimo lenyewe, kipenyo chake ni cha kilomita kadhaa, ukuta umesimama wima na ndani kuna shimo jingine. Hakuna uzio, hakuna kibao. Beba maji yako yote kutoka chini, na usipande bila mwenyeji, ukungu ukishuka hata nyayo zako huzioni. Wakati wa kaskazi usijaribu, ni mvua mtindo mmoja.

DagaaMchele
Na vimbunga. Aprili 2019 kile cha Kenneth kilipita Ngazija kabla hakijafika Msumbiji.

BintiPangani
Ninyi milima tu. Nendeni Mwali jamani! Itsamia, usiku, kasa wanapanda kutaga. Tuliambiwa tuzime tochi tukae chini ya upepo. Akaja mmoja, mkubwa, anajikokota anapumzika, anajikokota anapumzika. Alipoanza kuchimba kwa makasia ya nyuma alinirushia mchanga mdomoni. Nilicheka kimoyomoyo nikashindwa, yule mlinzi wa kijiji akanikata jicho.

Kasimawimbi
Ngojeni niwape ya kwangu, nimeinyamazia muda mrefu. Nilikuwa Nzwani na biashara ya vitenge, mzigo wa Kariakoo. Nikaambiwa ipo boti inakwenda Mwali kwa bei nafuu. Tukaondoka usiku, si bandarini Mutsamudu, ni upande wa Domoni huko, ufukweni, hakuna gati. Boti ya faiba, mashine moja ya nyuma, watu tumebanana magoti kwa magoti. Kina mama na watoto, na mzee mmoja mgonjwa wa figo kafungwa shuka kifuani. Jaketi la kuogelea hakuna hata la dawa. Nahodha kijana mdogo, kajifunga taulo kichwani.

Usiku wa manane mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya. Wallahi mashine ikinyamaza katikati ya bahari ndipo unasikia maji yanavyopiga mbao za chini, pap, pap, na unajua kati yako na hayo maji kuna unene wa kidole. Kijana akavuta kamba, akavuta, akavuta, mpaka kiganja kikachubuka. Harufu ya petroli imetanda, watoto wanatapikia mapajani mwa mama zao. Maji yanaingia ubavuni, tunakumba kwa madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa. Yule mzee akaanza Yasini. Pumzi ikimkatika, mama aliye nyuma yake anadakia, mzee akipata pumzi anapokea.

Mtu akasema tupunguze mzigo. Robota langu ndilo la kwanza kuonekana. Nimelishika upande huu, jamaa kalishika upande ule, tukatazamana. Mtaji wote, wakuu. Nikaliachia. Likaelea kitambo kisha likanywa maji.

Alfajiri jua likachomoza usoni kwetu, na chini yake tukaona vilima. Kijana akachomoa plagi, akaifuta kwa shati, akaipuliza, akairudisha, mashine ikawaka. Watu wakapiga takbiri. Hapohapo akaona boti ya kijivu inakuja kwa mbali, akageuza, tukarudi tulikotoka mbio zote. Nimeshuka Nzwani mchana sina hata ndala.

MlaUbwabwa
Duh. Pole sana mkuu. Mwili umenisisimka.

BintiPangani
Kasa wangu sasa hana maana 😭 Pole kaka.

KijanaRaskazone
Basi meli sipandi.

Jarife
Pole ndugu Kasimawimbi. Ila mimi ni mvuvi, Kigombe, nisaidie kitu kimoja. Kutoka Nzwani, Mwali iko magharibi. Jua lilichomozaje usoni kwenu?

DagaaMchele
😂😂😂😂 Jarife limenasa!

Kasimawimbi
Mashine imezimika usiku, boti inageuka kokote. Wewe mvuvi gani hujui mkondo?

Jarife
Mkondo naujua. Na vile vilima vya upande wa mawio navyo navijua jina. Na boti ya kijivu?

MlaUbwabwa
Mkuu ulikuwa unakwenda Maore, sema tu tupo familia.

Kasimawimbi
Nimesema Mwali. Anayetaka kuamini aamini.

UmmuNasri
Mwacheni mwenzenu. Ninyi mnacheka, yule mzee wa figo mnadhani alikuwa anakwenda kutembea?

MngazijaWaChumbageni
Ahsante mama. Wakuu, hili kwetu halichekeshi. Visiwa ni vinne. Mwaka 1975 tulipojitangazia uhuru, Maore, hiyo Mayotte, ikabaki kwa Wafaransa, na tangu 2011 ni mkoa wao kamili. Ipo kilomita 70 hivi kutoka Nzwani. Zamani mtu alivuka kwenda kumwona shangazi yake, akarudi. Mwaka 1995 Wafaransa wakaweka viza, na kuanzia hapo ndipo hizo boti za usiku, kwasakwasa, zilipoanza kumeza watu. Wengi wao wanafuata hospitali, au mke yuko huko. Hakuna ukoo Nzwani usio na mtu aliyepotea pale katikati. Huyu ndugu, awe alikuwa anakwenda Mwali, awe alikuwa anakwenda kokote, karudi mzima, tushukuru.

Jarife
Nimekuelewa. Kasimawimbi, samahani kwa kicheko, swali nalibakisha.

MstaafuHandeni
Nzwani nilifika Machi 2008, kikazi, na wenzangu wa jeshi letu, na Wasudani walikuwepo. Kulikuwa na kanali aliyekataa kushuka kitini. Hayo mengine hayaandikwi hapa. Ninachokumbuka mimi ni harufu. Unapita barabarani, mlangilangi pande zote, wameikata miti ikawa mifupi wapate kuchuma maua, na vijijini wana mitungi ya kukamulia mafuta yake. Na vichochoro vya Mutsamudu, mtu na bunduki begani anapita kwa ubavu.

BintiPangani
Langilangi! Mafuta yake yanakwenda Ufaransa kutiwa kwenye manukato ya bei mbaya, sisi huku tunatia kikuba tu. Na wanawake wa Nzwani na shiromani zao, zile nguo za kujitanda, liwa usoni mchana kweupe sokoni, wala hawajali.

DagaaMchele
Tukirudi kwenye mambo ya maana: Wangazija wana timu inaitwa jina la samaki wetu. Silikanti ni wa Tanga!

MngazijaWaChumbageni
Wa Tanga tangu lini? Gombesa, ndivyo tunavyomwita silikanti, alipatikana Nzwani mwaka 1952, wazungu wakaleta ndege kumchukua. Ninyi hapa mmeanza kumvua 2003.

Jarife
Hapo Mngazija ana haki. Lakini hifadhi ya silikanti yenye jina lake iko Tanga, tangu 2009. Na kwenye majarife yetu, nyavu za papa, kaingia sana, kuliko tulivyotaka. Hana faida yule, nyama ina mafuta tele, ukimla tumbo linakuendesha.

MngazijaWaChumbageni
Na Ghana tulimfunga 3-2 AFCON, Januari 2022, halafu mechi ya Kameruni tukacheza na beki golini na bado tukapata bao. Taifa Stars mna nini?

DagaaMchele
Uzi huu ni wa safari, mkuu, tusitoke nje ya mada.

MlaUbwabwa
😂 Umeileta mwenyewe.

KijanaRaskazone
Wakuu, maswali yangu bado. Pesa?

MpandaMilima_Lushoto
Yuro. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, 492 hivi kwa yuro moja, haipandi haishuki.

UmmuNasri
Dola pia wanachukua, sokoni Volovolo wanajua kuzihesabu kuliko wewe.

BintiPangani
Usibebe pesa nyingi, beba simu. Hapana, beba pesa. Mashine za benki mimi zilinigomea.

MngazijaWaChumbageni
Ndege ya kutoka Dar inakutua Hahaya kabla basi la Tanga halijafika Chalinze. Viza mnapata palepale uwanjani. Maofisa watakuanza Kifaransa. Wewe wajibu Kiswahili polepole, watacheka na mtaelewana.

DagaaMchele
Ndege nayo... Juni 2009 ile iliyotoka Sanaa ilianguka karibu na Ngazija, watu 152 wakafa, kikapona kitoto cha kike kimoja kimeng'ang'ania kipande usiku kucha.

UmmuNasri
Wewe mtoto, mwenzio anakwenda harusini!

Jarife
Meli si mbaya kama ni meli ya kweli. Siku mbili tatu baharini kutoka Dar, Moroni kina ni kifupi, meli kubwa inatia nanga nje mnateremshwa kwa vidau. Valia ndala, si viatu vya harusi. Mizigo uiangalie mwenyewe, shangazi yangu begi lake lilikwenda Madagaska.

KijanaRaskazone
Sawa, ndege, yuro, na maji naoga kikombe. Zawadi tubebe nini? Ukoo mzima wa bibi harusi.

UmmuNasri
Leso. Doti nzuri, usichukue zile za kufutia meza.

MngazijaWaChumbageni
Leso wanazo, zote zinatoka Kariakoo. Bebeni mchele wa Kyela, na udi.

MlaUbwabwa
Bebeni dhahabu, si mmesikia.

Kasimawimbi
Kijana, msafara wenu una nafasi ya robota moja la vitenge? Nalipia kila kilo.

DagaaMchele
Linakwenda Moroni, au linakwenda Mwali ile ya mawio?