Asaimenti ya tabianchi mwaka wa pili: insha, data za mvua au kuhoji wazee?

mwl_wa_zamu: Wakuu habari za jumapili. Nafundisha chuo huku Moshi, darasa lina watu 64, nimebebeshwa kozi ya mabadiliko ya tabianchi na nina wiki sita tu za kuwapa utafiti mdogo. Nagombana na vitu vitatu: insha ya maktaba kuhusu barafu ya Kilimanjaro, au wachukue data za mvua wachambue kwenye Excel, au wapande vijijini wakahoji wazee kuhusu masika ya zamani na ya sasa. Bajeti sifuri, wanategemea bumu la mkopo na bumu lenyewe mnalijua. Ungekuwa wewe ungetoa ipi?

Kobe_Mzee: Insha achana nayo kabisa. Mwaka jana nilitoa nikapokea makaratasi yanafanana mpaka koma, yote ChatGPT, na kuna mmoja alisahau kufuta ile sehemu inayosema "bila shaka, hii hapa insha yako" 😂 Toa data. Namba hazina desa.

Dada_Data: Kobe napingana na wewe, insha haina shida, swali ndio bovu. Ukiandika "jadili athari za mabadiliko ya tabianchi" unategemea nini? Mpe kitu cha kugombana nacho. Mfano 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walikadiria barafu ya Kilimanjaro itaisha kati ya 2015 na 2020, imepita hiyo na barafu bado ipo, vipande vipande lakini ipo. Haya walikosea wapi? Maana hao hao 2009 wakaonyesha kwamba kutoka 1912 mpaka 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu lilishaondoka, kwahiyo huwezi kusema walikuwa wanaota. Halafu kuna watafiti wengine, kina Kaser na Mölg, wanaosema kule juu kinachoila barafu zaidi ni hewa kukauka na theluji kuwa haba tangu mwisho wa karne ya 19, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, sio joto tu. Mwanafunzi akichagua upande na kuutetea hapo kaumia kweli. Na mlima wenyewe wanauona dirishani (mawingu yakiruhusu).

msomi_njaa: Mimi ni mwanafunzi naomba niseme ukweli, ya wazee inanoga ila tulivyofanya sisi kundi letu lilitumia hela ya wiki nzima kwenye boda, na mzee wa kwanza akatuambia mvua imeharibika tangu vijana waache kusali. Tukaandika hivyo hivyo. Tukapewa 11 kwa 30.

Bi_Mwani: Sasa huyo mzee hana kosa, mliuliza ovyo. Usimuulize mtu "tabianchi imebadilika?", atakujibu unachotaka kusikia. Muulize kazi yake. Huku Unguja ukimkuta mama wa mwani Paje au Jambiani muulize kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, aliacha kulima lini na kwa nini, atakwambia maji yalikuwa ya moto, mwani ukawa mweupe ukakatika, akabaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake ndogo. Na kuhamia maji ya kina ndiko kwenye nafuu lakini wengi hawajui kuogelea na hawana chombo. Huo ndio utafiti, na hakutaja tabianchi hata mara moja. Huko Moshi uliza alipanda mahindi mwezi gani mwaka aliozaa mtoto wa kwanza.

Otieno_254: Hiyo ya mtoto wa kwanza nimeipenda, naiiba. Kuhusu data nikutahadharishe kitu. NASA POWER, tovuti ya NASA ya data za hali ya hewa, ni bure, unabonyeza ramani unapata mvua kuanzia 1981, lakini kale kamraba kake kenye namba moja ya mvua ni kama kilomita 50, kwa hivyo mjini Moshi na kule juu kwenye migomba inaweza kukupa mvua moja, na mnajua hiyo ni uongo. CHIRPS, data za mvua za satelaiti zilizochanganywa na za vituo, ina miraba ya kama kilomita 5, nayo inaanza 1981, hapo afadhali. Pia waambie mapema vuli ya 1997 na ya 2019 zitaruka juu sana, wasije wakachora mstari ukapanda wakashangilia. Na kuna fumbo tamu hapa kwetu: kwa miongo kadhaa masika ilikuwa inapungua huku modeli nyingi za kompyuta za tabianchi zinasema itaongezeka. Hata wataalamu bado wanabishana, kwa hivyo hakuna jibu la kukopi.

mwl_wa_zamu: Aisee mmenisaidia. Nimeamua hivi: makundi ya watu wanne, kila mmoja kwenye kundi anamhoji mkulima mmoja anayemfahamu, hata kwa simu, bibi yake au baba mdogo, anachukua madai mawili yenye mwaka ("vuli ya mwaka fulani haikunyesha") halafu wanayapima kwenye CHIRPS. Marks nyingi nitaweka pale bibi na satelaiti wanapopishana, waeleze wanadhani nani yuko sahihi na kwa nini. Insha ya barafu nitaifanya swali la mtihani.

msomi_njaa: Kwa simu? Mwalimu wewe ubarikiwe.

Kobe_Mzee: Makundi 16 ya kusahihisha badala ya makaratasi 64, hapo ndio umecheza 👏 Ila waambie walete na rekodi ya simu, la sivyo utaletewa mabibi wa kutungwa.

Bi_Mwani: Na waombe ruhusa kabla ya kurekodi. Bibi ni mtu.