Nahamia kijijini Rote kwa wakwe: mwezi wa kumi kukoje?

Neema_R

Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni Mrote, mtu wa kisiwa cha Rote huko Indonesia. Tangu tuoane tumekaa Kupang, mji wa kisiwa jirani cha Timor, lakini baba mkwe amezeeka, magoti hayamruhusu tena kupanda miti, na mume wangu anataka turudi kwao, upande wa magharibi wa kisiwa, mbali na Ba'a, mji mkuu wa kisiwa. Nimefika huko mara moja tu, siku nne, mwezi wa pili. Kila mahali palikuwa kijani, mpunga umesimama, nikafurahi. Wifi yangu akaniambia, "Hujakiona kijiji bado. Njoo mwezi wa kumi." Neno hilo linaninyima usingizi. Aliyeishi kule anieleze: mwezi wa kumi kukoje? Mwanamke anashindaje? Chakula kipo?

MkeWaMgema

Mdogo wangu, karibu. Mimi nina mwaka wa tisa Rote, na mume wangu ni mgema kama alivyokuwa baba mkwe wako.

Wifi yako kasema kweli. Mvua huanza karibu na Desemba, ikifika Aprili imekwisha. Mwezi wa kumi nyasi zinakatika zikikanyagwa, mpunga ulishavunwa siku nyingi, na mahindi yaliyobaki yananing'inia juu ya jiko yale moshi yasibunguliwe. Mgeni akitazama anaona njaa. Mwaka wa kwanza nilimpigia mama simu nikilia kwamba nimeolewa jangwani. Sikujua kwamba kipindi hichohicho mivumo ndiyo inatoa tembo, yaani utomvu wake mtamu.

Mvumo huku wanauita lontar, kwa Kirote ni tua. Utauona kila upande, mrefu, na majani yake kama vipepeo vya kupulizia moto. Mume wangu anaondoka kabla ya alfajiri, kotama kiunoni na ndoo za majani zinazoitwa haik. Haik husukwa kwa jani la mvumo wenyewe, nalo halivuji hata tone. Karara la maua hubanwa kwa vibanio vya mti siku kadhaa hadi lilainike, kisha hukatwa ncha kipande chembamba mno, na tembo huanza kudondoka. Jioni anapanda tena miti ileile. Asubuhi na jioni, kila siku, msimu mzima. Akiacha siku mbili tu, kidonda cha karara hukauka na kazi yote imepotea. Kwa hiyo usipange safari ya Kupang msimu huo ukitegemea atakusindikiza, na usimnunie. Mti nao una mita ishirini na zaidi. Mimi kila jioni nasikiliza anavyoimba huko juu. Akinyamaza muda mrefu natoka nje kutazama.

Kazi yako inaanza tembo likishuka. Halingoji. Ukilichelewesha hadi mchana linaanza kuchacha, na hapo litafaa kwa sopi tu, ile pombe ya kukeneka. Linalotakiwa ni kuchemshwa likiwa bado tamu. Jiko ni handaki lililochimbwa ardhini lenye matundu ya vyungu kwa mstari; kuni ni vikonyo vya majani ya mvumo huohuo. Unakaa hapo saa nyingi, unaengua povu, unakoroga, mpaka liwe asali ya tembo, nyekundu, nzito. Wao wanaiita gula air. Ukiendelea kuikoroga inaganda, unaimimina kwenye vipete vya jani, inakuwa sukari ya vipande, gula lempeng, ambayo husafiri vizuri hadi sokoni. Msimu wangu wa kwanza niliondoka jikoni nikachote maji, nikarudi chungu kizima kimeungua. Mama mkwe hakunisema. Alikaa tu pale nilipokuwa nimekaa, akaanza upya. Tangu siku ile sikubanduka.

Sasa hilo la chakula. Chakula kipo, ila si lazima kiwe sahanini. Unachota asali ya tembo, unaikoroga na maji, unakunywa, unaenda shamba. Wazee wa Rote waliishi hivyo miezi mingi ya kiangazi, na hata nguruwe hunenepeshwa kwa tembo. Sisi tunamsema mgema kwamba akisifiwa hulitia maji. Huku asali hutiwa maji kwa makusudi, na ndiyo iliyobeba familia mvua zilipochelewa. Naomba ulishike hili kwa sababu utasikia watu, hata wa Kupang, wakikiita kisiwa hiki maskini kwa kuwa hakina wali wa mwaka mzima. Usiingie kwa wakwe na gunia la mchele kama msaada. Ingia uombe kufundishwa kusuka haik. Ukitamani kitu cha kutafuna, jagung bose ipo: mahindi yaliyotwangwa, maharage na tui la nazi, ndugu kabisa na pure.

Kinachochosha kweli ni maji. Kisima chetu mwezi wa kumi kinatoa kidogo kidogo, unapanga foleni usiku. Anza mapema kununua madumu.

Na mkumbuke to'o wa mume wako, yaani mjomba wake, kaka wa mama. Harusi au msiba haviendi bila yeye. Mkifika, msalimieni mapema.

Bahari7

Niongeze ya pwani, maana nilikaa huko na wakulima wa mwani. Dada, kama kijiji chenu kiko karibu na bahari, utawakuta akina mama wakishuka maji yakipwa kufunga mwani kwenye kamba. Ni fedha ya mkononi ambayo shamba halitoi. Lakini waulize habari ya 2009, watakusimulia hadi usiku. Mwezi wa nane mwaka ule kisima cha mafuta katika bahari ya Australia kilipasuka, kikavuja zaidi ya siku 70, na mwani wa Rote na wa pwani ya Kupang ukafa. Mkulima mmoja wa Rote akafungua kesi huko Australia kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000. Jaji akampa haki 2021, na 2022 yakafikiwa makubaliano ya fidia ya dola za Australia milioni 192.5. Miaka kumi na tatu, na wengine walishauza mashua kulipa ada za watoto. Nawaheshimu sana watu wale.

Jingine: Januari na Februari mawimbi yakipanda, feri ya kutoka Bolok, bandari ya Kupang, kwenda Pantai Baru huko Rote husimama, pengine siku nyingi. Dawa zako za kila siku ziwe za kukutosha. Mbu wa malaria nao wapo. Na mkishafika nendeni kwa mwenyekiti wa RT, yaani wa mtaa, ndani ya saa 24 mkajiandikishe.

Neema_R

Nimesoma mara tatu, nimemsomea na mume wangu, akanyamaza kidogo halafu akaniambia baba yake naye alikuwa akiimba juu ya mti. Asanteni mno. Dada MkeWaMgema, mawili tu. Nyumba yao ni ya makuti ya mvumo, kimbunga kikija? Na ile tambuu, mwezi wa pili niliikataa kwa sababu siiwezi. Niliwaudhi?

MkeWaMgema

Kimbunga Seroja, Aprili 2021, kiliezua mapaa mengi, ya bati na ya makuti. La makuti tuliliezeka tena wenyewe, majirani wakiwa juu na sisi tukirusha majani kutoka chini. Bati tulingoja meli.

Tambuu usiikatae tena. Watakuletea kikapu: popoo, chokaa, na si jani la mtambuu bali kile kitunda chake kirefu. Pokea kwa mkono wa kulia, chukua popoo moja, ishike. Kama huwezi kutafuna, itie kwenye kikapu chako uende nayo nyumbani. Wanachotazama ni mkono wako umepokea. Na ukifika kwa mama mkwe safari hii, wewe ndiye umtangulie kumpa.