Nawezaje kupima uelewa wa wanafunzi 58 kwa simu moja?

Mwalimu wa Kasulu

Ndugu walimu, habari za kazi. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano katika shule ya msingi ya kijijini, wilayani Kasulu. Kila nimalizapo kueleza huuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nikikusanya madaftari nakuta wengi wamejumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Kusahihisha madaftari 58 hunifikisha usiku, na kesho yake ratiba inadai mada nyingine. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, projekta hatuna, na umeme ni wa sola ya ofisini tu. Nina simujanja yangu moja. Je, yupo aliyepata njia ya kujua nani ameelewa na nani bado, kipindi kikiwa hakijaisha?

Mwalimu wa Urambo

Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Mimi natumia programu ya Plickers, ambayo mwanafunzi haimdai kifaa chochote ila kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi. Kila kadi ina namba yake na mchoro wake, na pande zake nne zina herufi A, B, C na D zilizochapwa kwa udogo. Mwanafunzi huigeuza mpaka herufi ya jibu lake ikae juu, kisha huiinua, nawe unapitisha kamera ya simu taratibu kutoka dawati la mbele hadi la nyuma huku majibu yakijiandika mbele ya majina. Kwa kuwa michoro haifanani, anayechungulia kadi ya jirani haambulii kitu, na mtoto mwenye haya anajibu bila kuchekwa. Ipo seti ya kadi 40 na nyingine ya kadi 63, ambayo itakutosha.

Swali liandike ubaoni, na simu iwe na chaji na bando. Kadi zangu za kwanza nilizilaminisha kwa plastiki inayong'aa, nazo zikawa zinaakisi mwanga wa dirishani hata kamera ikashindwa kuzisoma. Sasa nimezibandika kwenye vipande vya boksi. Wazoeze pia kushika kadi pembeni, maana kidole kikiziba mchoro, simu haioni kitu.

Mwalimu wa Nzega

Naafiki aliyoeleza mwenzetu, ila naomba swali lenyewe litungwe kwa uangalifu kuliko kadi, kwa sababu simu itakuonyesha tu nani kachagua nini. Kwa mfano wako wa 1/2 + 1/3, weka 5/6 iwe jibu sahihi. Atakayechagua 2/5 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Atakayechagua 2/6 amepata asili ya pamoja lakini akasahau kubadili viasi. Na atakayechagua 1/6 huenda amezidisha. Hapo kila kosa linakueleza urudie wapi. Swali moja au mawili katikati ya kipindi yanatosha, na matokeo yake, kwa maoni yangu, yasiingizwe kabisa kwenye alama, kwani mtoto akijua anahesabiwa ataanza kuotea.

Siku bando likikatika, vipande vya boksi vyenye herufi nne vinafanya kazi hiyo hiyo, ingawa utalazimika kuhesabu kwa macho na hutabaki na kumbukumbu.

Mwalimu wa Kasulu

Asanteni sana. Kabla sijaenda mjini kuchapa kadi, leo nimeanza na vipande vya boksi na swali hilo hilo la 1/2 + 1/3. Safu ya dirishani, ambayo ndiyo huitikia kwa sauti kubwa kuliko zote, karibu yote imeinua 2/5. Nimesimamisha somo, tukakunja karatasi mbili zinazolingana, moja sehemu mbili sawa na nyingine sehemu tatu sawa, wakaona wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo hata kuliko ile nusu tuliyoanza nayo. Kesho nitawauliza 1/2 + 1/4 kabla ya kuendelea.